Vidukari Wanene wa Shamba la Mama Somoe

Ipo asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikitia karanga mdomoni inanirudia. Mjomba Dadi kasimama katikati ya shamba, bomba la mota la kupulizia korosho liko mgongoni, mkono uko kwenye kamba ya kuwashia. Mimi niko mbele yake na chupa ya maji ambayo haina maji, ina majani. Akiivuta ile kamba, karanga zimekwisha. Nikifungua mdomo, mke sina. Sasa kaa hapo nikueleze tulifikaje.

Kwanza usinicheke nikikuita mwanangu. Najua ndevu zangu bado chache, na mvi ninayo moja tu, ambayo mke wangu anasema ni uzi wa shuka. Lakini aliyeungua ulimi kwa uji ana haki ya kumwambia mwenzie apulize, hata kama walitahiriwa jando moja. Na wewe umenipitia hapa Lupaso unapanda Newala kuposa, umeniuliza uvae shati gani. Shati halina neno. Vaa lolote, mradi vifungo viwepo. Nina la maana zaidi ya shati.

Somoe nilimwona kwenye harusi ya watu, Makote, anapakua pilau kwa sahani kubwa. Mimi nikarudi kwenye foleni mara ya pili, nikarudi na ya tatu, akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna moto. Nikamwambia upo, ila mpishi hayupo. Akacheka. Basi, nikajiona nimeshaoa. Kumbe kucheka kwa binti ni mlango wa uani tu, mlango wa mbele una mwenyewe.

Maana unajua kwetu huku. Baba wa binti utamkuta, atakukaribisha, atatikisa kichwa vizuri kabisa, lakini neno si lake. Neno liko kwa mjomba, kaka wa mama. Na mjomba wa Somoe ndiye huyo Mzee Dadi wa Mnyambe, mtu mrefu, mkavu, anayeongea kama anayetoa maneno ghalani na ghala linakaribia kuisha. Nilipofika nikampigia shikamoo, nikaanza kujieleza. Nilijieleza sana. Nilimwambia habari za Lupaso, za mikorosho ya babu, za baiskeli yangu. Nilipomaliza akamgeukia shemeji yake, baba wa Somoe, akauliza taratibu, "Huyu hata akilala anaongea?"

Kisha akanipa sharti. Wengine siku hizi wanamaliza kwa pesa, lakini yeye alisema pesa haijui kupalilia. Dada yake, Mama Somoe, alikuwa na shamba la karanga katikati ya mikorosho, karanga ndogo nyekundu, mbegu aliyoachiwa na mama yake na haipatikani dukani. Zilikuwa zimeshaota. Nizipalilie, nizitunze mpaka zing'olewe. "Zikitoka salama, wazee wako waje tukae. Zisipotoka, njia ya kurudi kwenu Masasi unaijua."

Nikapewa kibanda na godoro, na kila jioni ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga. Maisha hayakuwa mabaya. Tabu ilikuwa moja, nayo ni mkwe. Mama Somoe ni mama mkwe mtarajiwa, na wewe unajua mkwe na mkwe hawazoeani. Akitokea huku, mimi nageukia kule. Hatukai mkeka mmoja, hatuitani, hatutazamani usoni. Akiwa na neno na mimi, anamwambia kuku. Anasimama uani, anasema kwa sauti ya kutosha, "Wee kuku, jembe umeliacha nje na mvua hii, litaota kutu." Kuku anamtazama, mimi nakimbia kuchukua jembe. Yule kuku alikuwa anagombezwa kuliko kuku yeyote wa wilaya ya Newala, na hakuwahi kushika jembe.

Sasa shamba lile ubavuni lina njia ya kwenda bombani, lile bomba la kijiji ambalo maji yanatoka siku yakitaka yenyewe. Mama Somoe anapita pale na ndoo asubuhi, anapita jioni, na katikati akisikia maji yametoka anapita tena. Kwa hiyo matuta yale ya kando ya njia mimi niliyapalilia mbiombio, saa za jua kali ambapo hapiti, kisha nikawa siyakaribii. Ningefanya nini? Niinue kichwa nikutane naye uso kwa uso, nife?

Katikati ya masika mvua ikakata. Jua likawaka, ukafika ule ukavu unaowafurahisha wadudu. Nikaona vichipukizi vya karanga vimejikunja, majani yananata, sisimizi wanapanda na kushuka kama watu waliosikia kuna ubwabwa. Nikafunua jani. Chini limejaa vidukari weusi wanaong'aa, wale wengine wanaowaita wadudu mafuta, wamebanana, kila mmoja kachomeka mrija wake ananyonya. Hao, mwanangu, hawali jani ukaona tundu. Wanakunywa tu kimya kimya, na kwa mdomo ule ule wanaambukiza ugonjwa wa kudumaza. Shina linabaki fupi, majani ya njano yamejikusanya kama ua la plastiki, na chini huvuni kitu.

Nikaenda kwa Mjomba. Akaja, akachuchumaa, akafunua majani mengi bila kusema. Mwisho akaninyooshea jani moja. Katikati ya wale weusi walikuwepo wachache wanene, wameviringa, rangi ya ganda la karanga kavu, hawatikisiki.

"Hawa ndio mama zao," akasema. "Angalia tumbo. Ukiua mama, watoto hawana wa kuwazaa. Chuma kila jani lenye mnene, tia kwenye chupa, funga, nitaikagua."

"Ndiyo, Mjomba."

Siku zile mimi nilikuwa nasema ndiyo Mjomba kabla hajamaliza kusema. Na ukitazama, neno lake lilikuwa na akili. Walifanana kweli na wajawazito. Nikaingia kazini. Tuta kwa tuta nawasaka wanene, nawaokota na majani yao, nawatia chupani. Mjomba akija jioni anaishika chupa, anaitazama, anatikisa kichwa. Kichwa chake kikitikisika mara moja, mimi naona harusi. Kisha majani ya chupani yanakwenda motoni.

Ila jambo likanishangaza. Kadiri ninavyowaua mama, ndivyo watoto wanavyoongezeka. Nikasema moyoni, hawa labda wana mama wa kambo.

Basi ukatokea msiba kwa jamaa zao Masasi, Mjomba akashuka akakaa huko siku kadhaa. Chupa sikuwa na wa kumwonyesha, nikaiacha dirishani mwa kibanda. Asubuhi moja nakunywa chai, naona ndani ya chupa kuna vitu vinatembea. Vyeusi, vidogo kama punje ya ugoro, vina mbawa na viuno vyembamba. Nikaisogeza jichoni. Vinyigu! Nyigu kabisa, ila ukiwapanga kumi hawajai ukucha. Na wale wanene, kila mmoja nyuma ana tundu la duara, limekatwa safi, wengine kifuniko bado kinaning'inia kama mfuniko wa sufuria. Ndani hamna kitu. Ganda tupu.

Mimi shule yangu iliishia la saba, na sayansi nilikuwa nakaa karibu na mlango kwa sababu nilizozijua mwenyewe. Lakini tundu lile lilifunguliwa na aliyekuwa ndani. Nikaenda shambani, nikalala kifudifudi juani kama mjusi, nikatazama jani moja. Nikakaa mpaka shingo ikauma. Kinyigu akatua. Akatembea kwa vidukari, anawagusa na pembe zake kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akamchagua mmoja, akakunja mkia akaupitisha chini ya miguu yake mwenyewe mpaka mbele, akamdunga. Fyu. Akaenda kwa mwingine.

Hapo ikaniingia. Anaweka yai ndani. Yai linatoka funza, funza anamla kidukari kutoka tumboni mpaka anabaki ganda, ndipo kidukari anaonekana mnene na kubadilika rangi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kapita nguo, kaingia mwilini. Kumbe wale wanene hawakuwa mama wa mtu. Walikuwa vidukari waliokwisha kufa, na ndani yao wamo askari wetu wanasubiri kutoka. Na mimi nilikuwa nawachoma moto kila jioni na napewa sifa.

Nikainuka, nikatazama huku na huku, Mama Somoe hayupo, nikaenda kwenye matuta ya kando ya njia, yale nisiyoyagusa. Nikafunua jani. Nikafunua jingine. Wanene watupu, wenye matundu, weusi wamebaki wa kutafuta. Karanga zimekaa kijani, zimetoa maua, vikonyo vinashuka udongoni. Aibu ya mkwe ndiyo iliyolinda lile shamba, si mimi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Wewe ungefanyaje? Ungekwenda kusema, najua, kila asiyekuwepo angesema. Mimi nilirudi kibandani nikanyamaza. Mjomba aliporudi msibani nikampa pole, nikampa shikamoo, nikampa chupa. Moyoni nawaza, mkwe mtarajiwa, hajaletewa hata jibu, anamwambia mjomba mtu kwamba amekosea? Mbele ya nani? Nikasema, subira, labda ataona mwenyewe. Nikaendelea kuchuma. Sikuwa nachuma wote, nilikuwa napunguza, nachuma kama mtu anayekula chakula asichokipenda. Lakini nilichuma.

Mama Somoe yeye aliona. Mtu anayepita njia ile na ndoo kichwani ana muda wa kutazama. Jioni moja akasimama uani, akamwambia yule kuku, "Wee kuku, kando ya njia usikochokora karanga zimenawiri, na unakochokora kila siku zimedumaa. Kama umeona kitu si useme?" Kuku akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Pale uani tulikuwa kuku wawili.

Siku hazikupita nyingi, Mjomba akapita shambani akaona matuta ya katikati yamekuwa ya njano. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mkono umeshindwa, sasa tutatumia mashine. Nyumbani alikuwa na salfa iliyobaki ya msimu wa korosho. Unaijua salfa, dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Watu wetu tunaiamini salfa kuliko ndugu. Akasema alfajiri, majani yakiwa na umande, atapuliza shamba lote vumbi lishike. Na matuta ya kando ya njia nayo, ili wadudu wasikimbilie huko.

Usiku ule nililala vibaya, tusizungumze. Na ndiyo tukafika ile asubuhi. Kuna ukungu kidogo, baridi ya huko juu unaijua, na Mjomba kashika kamba.

Nikasema, "Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Umeshaniamkia tangu nyumbani."

"Ndiyo, Mjomba. Nilikuwa naomba, kabla hujavuta, uitazame hii chupa."

Akanitazama mimi kwanza. Kisha akaichukua. Hii ilikuwa chupa ya pili, niliyoificha kibandani siku mbili na wanene wake, na vinyigu walikuwa wanapanda ukutani mwa chupa wanatafuta njia. Akaisogeza, akaisogeza tena, maana macho ya karibu yalikuwa yameanza kumchoka. Nikamweleza yote, kwa sauti ndogo, jinsi anavyodunga, jinsi wanavyonenepa, tundu lilivyo. Sikusema umekosea. Nilisema tumekosea. Nikamwongoza kando ya njia, nikamfunulia majani. Salfa ni ya ukungu, nikamwambia, vidukari wataioga kama poda ya mtoto, ila hawa wadogo vumbi litawaua.

Alichuchumaa pale muda mrefu na lile bomba mgongoni. Nikaanza kuwaza jinsi nitakavyofunga mzigo kwenye baiskeli.

"Umeona lini haya?"

Hilo swali sikulitegemea. "Ulipokuwa msibani, Mjomba."

"Msiba umekwisha, na hitima imesomwa, na mimi nimerudi nimekula hapa siku ngapi? Ukaniletea chupa kila jioni."

"Nilikuwa nakuheshimu, Mjomba."

Akasimama. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Unajua kinachonyonya bila kusema ni nani? Ni kidukari. Kijiji kizima kinakujua kwa mdomo. Umetuchekesha hata sisi wafiwa tuliporudi. Siku mdomo una kazi, ukaufunga, ukaniacha mimi mzee nichome mbegu ya mama yangu kwa mkono wako, ukaniita Mjomba. Hiyo si heshima. Hiyo ni kuniogopa, na kuogopa umefanya kwa faida yako, upate mke. Mtu anayeniheshimu haniachi nipotee."

Nikatazama chini. Sikuwa na mzaha hata mmoja, mwanangu, na unajua mimi huwa sikosi.

"Na kama ningekuambia nenda zako Masasi?" akauliza.

"Ningekwenda, Mjomba. Ila bomba ningekuomba usiliwashe."

Akavua mikanda ya lile bomba, akalitua juu ya tuta, akaniambia nilibebe nilirudishe nyumbani.

Hatukupuliza. Zile zilizokwisha kudumaa tukazing'oa, nyingine tukaziacha kama zilivyo, na vinyigu wa kando ya njia wakasogea ndani wenyewe, hawahitaji kuonyeshwa. Mvua nayo ikarudi ikawaosha waliobaki. Lakini nisikudanganye kwamba shamba lilipona lote. Tulipong'oa, katikati tulipata mapepe, maganda yasiyo na punje, na robo tatu ya kilichoingia kwenye gunia kilitoka kando ya ile njia. Mbegu ya bibi yao ilipona kwa matuta machache.

Naye Mjomba hakunipa mke msimu ule. Aliwaambia wazee wangu waziwazi kwamba kijana wao ana macho, na mikono si mibaya, lakini hajajua kutumia mdomo, hivyo atalima msimu mwingine. Na sharti likabadilika. Kila asubuhi nikimwamkia, akishaitikia marahaba ananiuliza, "Leo umeona nini?" Nisipokuwa na jibu hapokei chai mpaka niwe nalo. Mwanzo nilimwambia mambo mepesi, mchwa, nyani, jirani kahamisha mpaka. Baadaye nikazoea kumwambia na yale mazito. Nilimwambia mkorosho wake anaoupenda umeoza ndani. Nilimwambia godoro lina kunguni. Siku moja nilimwambia kwamba ukali wake unamfanya Somoe asimletee maji kwa wakati. Hapo akaniambia niwaite wazee wangu.

Basi, haya ndiyo ninayotaka upande nayo huko Newala. Ukikuta kiumbe usichokijua shambani, usikimbilie kukiua kwa sababu kimekaa vibaya au kina tumbo. Kitie chupani, kiweke dirishani, subiri uone anatoka nani. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wageni wengine ni wadogo kama ugoro. Sikwambii kila mdudu ni ndugu yako. Vidukari ni wanyonyaji, na zipo siku dawa inatakiwa kweli, hiyo muulize bwana shamba, usiulize salfa iliyobaki. Lakini ukishamwaga sumu huwezi kuichagulia nani afe. Tazama kwanza, hata kama watu watasema umelala shambani.

La pili ndilo kubwa. Wakwe watakupa amri, na wewe utaitikia, ndivyo tulivyolelewa, na ni vizuri. Heshima ni kuinama, si kufumba macho. Ukiona mkubwa anaelekea shimoni, mwamkie, chuchumaa, tafuta neno laini, sema tumekosea hata kama kakosea yeye, lakini sema, na sema siku ile ile. Neno la kweli likicheleweshwa linafika shamba limeshakuwa njano. Ukinyamaza ili upate mke, utampata labda, na utamlisha mapepe. Na wewe ukiwa mjomba wa mtu, maana utakuwa, usingoje waje kukuambia. Waulize wameona nini, kisha nyamaza wajibu.

Sasa nenda, jua halijapanda sana. Mungu akupe macho ya karibu na moyo wa mbali. Akupe wakwe wakali wenye masikio. Mvua ikunyeshee kwa wakati, ikikata isikate sana. Karanga zako zijaze maganda mpaka yakatae kufungika, na siku mdomo wako utakapotakiwa, Mungu asiuache ukauke. Amina, mwanangu. Nenda salama.